Mara Moja, Kawaida

Kila asubuhi saa mbili nesi Shauna aliuliza swali lilelile, na kila asubuhi Deolinda Medeiros alilidaka kabla mumewe hajafungua kinywa.

"Bwana Medeiros amepata choo tangu jana?"

"Mara moja," Deolinda alijibu. "Kawaida."

Shauna akaandika kwenye kompyuta yake ya magurudumu, akamtupia mzee tabasamu, akausukuma mtambo wake kuelekea chumba cha pili. Alikuwa na wagonjwa saba asubuhi hiyo, na wawili kati yao walikuwa wanapiga kelele. Hakuwa na sababu ya kumtilia shaka bibi wa miaka sabini na minne mwenye msalaba shingoni, aliyekuwa akiwaletea manesi mkate mtamu wa nyumbani uliofungwa kwa taulo safi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na uongo huo ulikuwa wa kwanza. Ukweli ni kwamba tangu alfajiri Gualter alikuwa amekimbizwa chooni mara nne, kama mzee wa miaka themanini na moja mwenye nyonga mpya ya chuma anaweza kusemwa kwamba anakimbizwa. Deolinda alimshika kiuno, yeye akashika fremu ya kutembelea, wakaenda wakihema wote wawili. Mara ya nne hawakufika.

"Nimwite nesi," Deolinda alisema, akiwa amepiga magoti sakafuni na karatasi za kupangusia mkononi.

"Umwite aje afanye nini? Anifute? Katoto kale?"

"Ndiyo kazi yake, Gualter."

"Kazi yake ni kuandika. Ukimwambia ataandika, wakiandika siendi nyumbani. Umesahau ya Boisvert?"

Hakuwa amesahau. Boisvert alikuwa mzee Mfaransa wa kitanda cha dirishani, mtu wa maneno mengi, ambaye wiki iliyopita alianza kuharisha na, kwa uungwana wake, akabonyeza kengele mwenyewe. Haikupita saa moja wakaja watu wamevaa majoho ya plastiki ya njano, wakamsukuma mpaka chumba cha mwisho wa ujia, wakabandika karatasi mlangoni. Safari yake ya kurudi kwao ikafutwa. Binti yake alipotaka kumshika mkono, ilibidi avae glavu kwanza. Mfanyakazi wa usafi alikuja akapitisha kitambaa kwenye kitanda kilichoachwa, akapitisha dekio kwenye choo, akamaliza na kuondoka ndani ya muda wa kuchemsha yai. Deolinda, aliyeshona kola za mashati miaka thelathini na minane kwa kulipwa kwa dazeni, aliitambua kazi ya haraka alipoiona, lakini hakuifikiria zaidi. Choo kilikuwa kimoja kwa vitanda viwili, na Gualter alikitumia jioni ileile.

"Apa kwamba hutawaambia," Gualter alisema.

"Siapi mambo ya choo."

"Apa, Linda. Zimebaki siku sita."

Siku sita ndizo zilizokuwa zimebaki kabla ya taji la Roho Mtakatifu kuingia nyumbani kwao. Kila mwaka chama cha Wareno wa mji kilitumbukiza majina kwenye kofia, na kila mwaka yalitoka majina saba, ya nyumba za kulikaribisha taji wiki moja moja, kwa Jumapili saba baada ya Pasaka. Jina la Gualter Medeiros lilikuwa limebaki chini ya kofia ile kwa miaka thelathini na mitatu. Wapo wazee wa mji wao, Fall River, waliozikwa wakiwa bado wanangoja zamu yao. Mwaka huu lilikuwa limetoka, Jumapili ya sita, na siku alipokuwa amepanda kwenye stuli akitundika pazia jeupe la altare sebuleni, stuli ikateleza na nyonga ikavunjika. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichofuata ni mpira wa mkojo ulioachwa siku nyingi mno, homa, na antibiotiki kali ya kuondoa homa, na sasa homa ilikuwa imekwisha na tumbo ndilo lililoachia.

Deolinda akamtazama. Mtu huyu hakuwahi kumwomba kitu chochote kwa sauti ile, hata siku ya kumchumbia.

"Haya, naapa," alisema. "Inua mguu."

*

Jumanne ilikuwa mara tisa. Deolinda alikwenda duka la dawa akanunua nepi za watu wazima, akamvika mbili kwa pamoja chini ya gauni la hospitali. Zilizochafuka alizifunga kwenye mifuko ya duka la mikate akazibeba mpaka nyumbani akazitupe huko. Kwenye lifti mama mmoja alimwambia, "Huo mkate unanukia tangu huku," Deolinda akacheka naye, kisha akatazama namba za ghorofa mpaka chini.

Kila alipomaliza kumsafisha alikwenda kwenye kile kichupa kilichotundikwa ukutani karibu na mlango, akabonyeza dawa ya mikono, akasugua mpaka vifundoni. Akabonyeza tena. Alikuwa mtu msafi na alijivunia hilo. Kisha akarudi akampangusa mumewe midomo, akampa maji, akampa Ekaristi aliyoletewa na padri.

Mchana Shauna alisimama mlangoni akavuta pumzi puani.

"Kuna nini humu, mama? Harufu."

"Ni ya yule Mfaransa," Deolinda alisema. "Haijaisha."

"Mungu wangu. Nitawaambia wa usafi warudi."

"Ukiweza, mwanangu."

Shauna aliandika mahali. Wa usafi hawakurudi. Na Gualter, aliyekuwa amefumba macho akijifanya kalala, alifungua moja na kumkonyeza mkewe, na Deolinda, Mungu amsamehe, alicheka. Walikuwa kama watoto wanaoiba sukari. Kwa muda ule mfupi alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia tangu stuli ilipoteleza.

Jioni mtoto wao Hélio alipita akitoka kazini, suruali ina vumbi la ukuta, mkanda wa zana bado kiunoni. Alikuwa fundi umeme wa shule za mji, mtu mkubwa mwenye hasira za karibu na moyo laini nyuma yake.

"Daktari kanambia Ijumaa unatoka, Baba."

"Nimeshasikia. Suti yangu umeipeleka kwa dobi?"

"Nimeipeleka. Mbona umekonda?"

"Chakula cha hapa si cha watu," Gualter alisema.

"Sahani zake zinarudi tupu, nesi ndiye aliyesema."

Deolinda alijishughulisha na mto. Sahani zilirudi tupu kwa sababu alikuwa akizila yeye. Alikuwa ameshakula viazi vya kupondwa visivyo na chumvi, kuku mweupe, na kile kitu chekundu kinachotetemeka, mara tatu kwa siku, bila njaa, akiwa ameupa mgongo mlango.

*

Jumatano mara kumi na mbili. Gualter alianza kuongea na kaka yake aliyekufa kule kisiwani kwao São Miguel mwaka wa tetemeko. Ulimi ulikuwa umemkauka. Deolinda alirudi duka la dawa, safari hii akaomba vidonge vya kufunga tumbo.

"Ni vya nani?" muuzaji akauliza, kijana wa Kireno mwenzao, mjukuu wa mtu aliyemfahamu.

"Vyangu."

"Hutumii antibiotiki yoyote, bibi? Kama unatumia, usivimeze hivi kabla ya kumwona daktari."

"Situmii dawa yoyote. Nina nguvu kama punda."

Kijana akacheka, akampa. Alimmezesha Gualter viwili saa sita, viwili saa kumi, viwili kabla ya kulala.

*

Alhamisi tumbo lilinyamaza.

Asubuhi nepi ilikuwa kavu. Akaingiza mkono kuhakikisha, akautoa, akautazama, akapiga magoti pale kando ya kitanda na kulia. Saa mbili Shauna alipouliza swali lake, Deolinda alijibu kwa mara ya kwanza bila kumeza mate, "Hajaenda." Na ilikuwa kweli.

"Mpe juisi ya matunda," Shauna alisema. "Dawa za maumivu hufunga choo."

Daktari Raghunath alipita saa tano, akasimama miguuni pa kitanda na faili lake. Homa hakuna, mkojo safi, anakula, anatembea na fremu. Akamuuliza Gualter anajisikiaje, na Gualter akakusanya nguvu zote zilizokuwa zimebaki mwilini akasema kwa Kiingereza chake cha kiwandani, "Kama kijana." Daktari akaweka sahihi. Hakufunua shuka.

Siku nzima ile Deolinda alikuwa mwepesi. Aliwapigia simu wanawake wa chama akawaambia waandae nyama ya supu kwa watu themanini. Alimkata Gualter kucha. Mzee hakusema mengi. Alisema tu kwamba tumbo linambana, naye akamwambia ni upepo, litakwisha akianza kutembea.

Ijumaa asubuhi Hélio alileta suti. Walimvika shati, wakamkalisha ukingoni mwa kitanda, wakampandisha suruali. Suruali haikufunga. Mtu ambaye hajala siku tatu, ambaye mbavu zake zilihesabika kutoka mlangoni, alikuwa na tumbo la mjamzito, na kati ya kifungo na tundu lake palibaki nafasi ya kiganja kizima.

"Mama, hii ni suti yake kweli?" Hélio aliuliza.

Shauna alikuwa anaingia na karatasi za kuondokea. Aliziweka kitandani, akaweka mkono juu ya lile tumbo, lilikuwa gumu kama ngoma, na uso wake ukabadilika rangi.

"Mlazeni," alisema. "Mlazeni sasa hivi." Kisha akakimbia.

*

Walimtoa utumbo mpana wote kabla ya saa sita mchana. Daktari Raghunath aliwaeleza kwenye kijichumba chenye viti vya kijani, akiongea polepole, uso ameuinamisha. Ni kidudu cha matumbo, alisema, kinachowapata hasa wazee wanaolala hospitali na kutumia antibiotiki. Kikikamatwa mapema, wengi wanapona kwa dawa tu. Kikifika hapa, na kwa umri huu, nusu hawarudi nyumbani, na wanaorudi hawarudi kama walivyokuja.

"Kikikamatwa mapema," Hélio alirudia. "Na kwa nini hakikukamatwa?"

"Hakukuwa na dalili zilizoandikwa. Hakuharisha."

"Alikipata wapi?"

Daktari aliinua uso. "Humu," alisema. "Siwezi kukudanganya. Kidudu hiki hukaa kwenye choo, kwenye reli za kitanda, mikononi. Ile dawa ya ukutani haikiui. Ni kunawa kwa sabuni na maji tu ndiko kunakokiondoa."

Deolinda aliitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili.

*

Jumamosi alikwenda nyumbani kubadili nguo, akamkuta Serafim Arruda, mkuu wa chama, amesimama barazani na kofia mkononi. Pazia jeupe lilionekana dirishani nyuma yake, upande mmoja umetundikwa, upande mwingine unaning'inia.

"Ingia, kaka Serafim. Nitakupikia kahawa."

"Hapa panatosha, dada."

Hakusogea. Wala hakumpa shavu kama walivyozoea tangu ujana.

"Ni kuhusu kesho," alisema. "Tumezungumza. Jumapili ya sita tutawapa akina Furtado."

"Gualter hayupo, lakini mimi nipo. Nyama iko tayari. Nyumba iko tayari. Lije tu, akiamka nimwambie limefika."

"Watu wanalibusu lile taji, Deolinda. Kila jioni, wiki nzima. Wengi wao ni wazee kama sisi." Alikuwa anaongea na kofia yake. "Tumesikia ni kitu cha kuambukiza. Wake za watu wameuliza. Utanisamehe."

Serafim alikuwa na haki. Deolinda alifungua mlango, akaingia, akaenda moja kwa moja jikoni. Alinawa mikono kwa sabuni na maji ya moto, akanawa tena, mpaka aliposikia gari la Serafim limeondoka.

Gualter aliamka mara moja tu, Jumatatu, kwa dakika chache, na mpira kooni hivyo hakuweza kusema. Macho yake yalimuuliza. Deolinda aliinama karibu na sikio.

"Limekuja," alimwambia. "Sebule imejaa watu. Hawapati pa kukaa."

Alikufa Jumapili iliyofuata, siku ya tisa baada ya kisu, wakati kengele za Pentekoste zinapigwa upande wa pili wa mji.

*

Wiki mbili baada ya mazishi hospitali iliwaita. Hélio alikuwa ameandika malalamiko, akapewa nakala ya faili la baba yake, na alikuwa amelisoma mpaka karatasi zimelegea. Kwenye gari, mbele ya hospitali, alizitandaza kwenye usukani.

"Tazama, Mama. Jumatatu: mara moja, kawaida. Jumanne: mara moja, kawaida. Jumatano: mara moja, kawaida. Mtu anaoza tumboni, na huyu msichana ananakili mstari uleule. Leo anavua ile nguo ya unesi. Naapa."

"Hélio."

"Sitaki huruma zako. Unampikia mikate, anakuulia mume."

"Hélio, zima gari unisikilize."

Akamwambia. Hakuchukua muda mrefu, mambo yenyewe yalikuwa machache. Kiapo, nepi, mifuko ya mikate, sahani, vidonge. Alipomaliza, mwanawe alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa maegesho, taya linacheza.

"Nani mwingine anajua?"

"Padri."

"Basi iishie hapo." Alianza kuzikunja zile karatasi, moja moja, kwa utaratibu. "Walimpa ugonjwa wao. Daktari mwenyewe alisema. Choo chao, uchafu wao, uvivu wao. Hukukileta wewe mfukoni. Ukisema hayo mle ndani, kesho itakuwa wewe ndiye uliyemuua, na wao mikono misafi. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi nyamaza. Kaa kando yangu, ulie ukitaka, niachie mimi niongee. Hilo tu nakuomba, Mama. Nyamaza."

Aliomba kwa sauti ya baba yake.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Bi Pelletier, mkuu wa wauguzi, alikaa upande wa pili na kalamu na daftari. Shauna alikaa pembeni yake amevaa sweta la kawaida, nywele amezibana vibaya, macho yamevimba. Bila vazi la kazi alionekana wa umri wa kwenda shule.

Bi Pelletier alisema samahani kwa niaba ya hospitali. Alisema wanachunguza usafi wa kile choo. Kisha akasema kwamba kuhusu kumbukumbu za muuguzi, hatua zimeanza kuchukuliwa, na kwamba Shauna amesimamishwa kazi tangu Jumatano.

"Kusimamishwa hakutoshi," Hélio alisema, na akaziweka karatasi mezani. "Aliandika kitu ambacho hakukiona."

"Niliandika nilichoambiwa," Shauna alisema chinichini.

"Uliambiwa na nani? Na mgonjwa asiyejitambua?"

Msichana alimtazama Deolinda. Hakumtaja. Alikuwa ameshaelewa, ilionekana wazi, labda tangu ile siku ya suruali, na bado hakumtaja. Akainamisha kichwa, akaanza kuvutavuta uzi wa mkono wa sweta lake.

"Na mimi," Deolinda alisema.

"Mama."

"Aliambiwa na mimi. Andika, Bi Pelletier. Jumatatu, mara nne kabla ya saa mbili asubuhi. Mpaka usiku zikawa saba. Mara ya nne hatukufika, nikafuta sakafu mwenyewe kwa karatasi za mkono, upande wa kushoto wa kitanda."

"Mama, inatosha."

"Jumanne mara tisa. Nepi nilikwenda nazo nyumbani. Chakula nilikula mimi, msiandike alikula."

Hélio alisukuma kiti nyuma. Alisimama kwa muda na ngumi mezani, kana kwamba kuna mtu atamwambia akae. Hakuna aliyemwambia. Akatoka, na nyayo zake zikasikika ujiani mpaka kwenye lifti.

Shauna alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Nilikuuliza kila siku, mama," alisema. "Kila siku."

"Uliniuliza. Na hukufunua shuka."

"Sikufunua."

"Jumatano," Deolinda aliendelea, "mara kumi na mbili. Ndipo nikampa vidonge. Viwili, viwili, viwili. Yule kijana wa dukani alinionya, msije mkamuuliza kitu, nilimdanganya naye."

Bi Pelletier aliweka kalamu chini, akauweka mkono wake karibu na mkono wa yule bibi, bila kuugusa.

"Bi Medeiros, tumeelewa. Pole sana. Si lazima uendelee."

"Bado Alhamisi," Deolinda alisema. "Alhamisi ndiyo siku niliyofurahi."